JUU YA NINI WATU WANATII SHERIA?



Muhula huu sisi makapita tuliona jambo ambalo tulifikiri haliwezi kutokea kwetu. Asubuhi moja kengele ililia saa kumi na moja na nusu, kama desturi, na hakuna mtu aliyetoka bwenini. Ikalia tena. Kimya. Kapita wa bweni akapiga mlango, akasema kwa sauti kubwa: "Mutoke bote!" Sauti moja ikajibu toka ndani: "Leo hatutoki. Kama munataka, mutuazibu siye bote."

Ninyi wote munajua sababu. Siku iliyotangulia tulimwazibu mwanafunzi mmoja wa kalasi ya tatu kwa kuwa hakwenda kuchota maji siku ya zamu yake. Tulimpa kukata majani siku mbili, nyuma ya shule. Kumbe siku ile alikuwa amempeleka mdogo wake mgonjwa kwenye dispansere. Hatukumuuliza. Tulisoma jina katika orodha, tukatoa azabu, basi.

Tulipofika mbele ya Direktere wa nidhamu kushitaki bweni zima, tulitazamia kwamba atawafukuza watu. Yeye alituuliza neno moja tu: "Mulimuuliza huyu mtoto?" Tukanyamaza. Akasema: "Mwende mufikiri kwanza, juu ya nini watu wanatii. Mukipata jibu, muandike katika buletini."

Kwa hiyo tunaandika. Tumesoma, tumeuliza wazee na walimu, na tumebishana sana kati yetu. Haya njo tuliyopata.

1. JE, NI WOGA?

Jibu la kwanza ambalo wengi wanatoa ni fupi: watu wanatii kwa sababu wanaogopa. Wanaogopa fimbo, jela, ao kufukuzwa masomoni. Hatusemi kwamba jibu hili ni la bure. Mwizi akijua kwamba hakuna azabu, ataiba mara mbili.

Lakini tuhesabu kidogo. Katika bweni kapita ni mmoja, na wenye kulala mule ni makumi. Usiku kapita naye analala. Katika vijiji vingi vya kwetu polisi ni mmoja ao wawili, na katika vingine hakuna hata mmoja. Basi nani analinda mbuzi wa jirani usiku? Si polisi. Mbuzi analindwa na watu ambao hawataki kuiba. Kama watu wote wangengoja polisi afike ndipo waache kuiba, hakuna mbuzi angebaki.

Wazee wetu walijua serikali ya woga. Wakati wa Wabelgiji waliiita Bula Matari, maana yake mvunja mawe. Mwaka 1917 ilitolewa amri iliyoruhusu serikali kulazimisha watu wa vijiji kulima mazao fulani, kama pamba, na yeye asiyelima aliweza kuazibiwa. Watu walilima. Lakini kulima kwa namna ile si kutii kwa moyo. Mwenye kulazimishwa anafanya kazi jicho likiwa njiani, kutazama kama mkubwa amekwisha kupita.

Mwisho wa woga ulionekana mwaka 1960. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni. Jeshi, lililoitwa Force Publique, lilibaki chini ya maofisa Wabelgiji. Tarehe 5 Julai mkubwa wa jeshi, Jenerali Émile Janssens, alisimama mbele ya askari wake huko Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Maana yake: ninyi mutabaki chini, na sisi tutabaki juu. Siku ileile askari wakaanza kuasi, na katika siku chache uasi ulienea katika nchi. Jeshi ambalo watu walifikiri lina nidhamu kupita yote lilivunjika kwa muda usiofika juma mbili. Kumbe ile haikuwa nidhamu. Ilikuwa woga, na siku woga ulipotoka, hakukuwa kitu kingine chini yake.

2. JE, NI FAIDA?

Wengine wanasema: watu wanatii wakiona faida. Nikifuata zamu ya maji, na mimi nitapata maji ya kuoga. Nikilipa kodi ya soko, soko litafagiliwa.

Hii pia ni kweli kwa sehemu. Lakini mtu mwenye kutii kwa faida tu anashika hesabu kichwani kila siku. Siku anapoona kwamba kuvunja sheria kunaleta zaidi, anavunja. Katika Kongo nzima watu wanafanya mzaha juu ya "Artikle 15", sheria ile isiyoandikwa katika kitabu chochote, inayosema kila mtu ajitafutie namna yake ya kuishi. Tunacheka. Lakini nchi ambamo kila mtu anafuata Artikle 15 tu ni kama mtumbwi katika Lukuga ambao kila mtu anavuta kasia upande wake. Mtumbwi unazunguka, hauendi.

Tena kuna watu wanaotii pasipo faida yoyote. Mama anayerudisha feza alizozidishiwa sokoni, na hakuna aliyemwona, anapata faida gani? Kuna kitu kingine ndani ya watu. Tukitafute.

3. KUSIKILIZWA

Mwaka 1984 mwenye elimu mmoja wa Marekani, jina lake Tom Tyler, aliuliza watu 1575 wa mji wa Chicago juu ya polisi na tribinali. Aliwauliza: je, munafuata sheria? Mulipokutana na polisi ao na mwamuzi, mambo yalikwenda namna gani? Kitabu chake kilitoka mwaka 1990.

Mtu angefikiri kwamba yule aliyeshinda neno lake mbele ya mwamuzi atasema mwamuzi ni mzuri, na yule aliyeshindwa atasema ni mbaya. Lakini Tyler aliona jambo lingine. Kilichokuwa na uzito zaidi ni namna neno lilivyokatwa. Mtu aliyesikilizwa vizuri na kutendewa kwa heshima aliweza kushindwa, na bado akasema: wale ni wakubwa wa haki, sharti niwatii. Na mtu aliyeona wakubwa wake kuwa ni wa haki alifuata sheria hata mahali ambapo hakuna mtu wa kumwona.

Chicago ni mbali na Niemba. Lakini jambo hili wazee wetu walilijua bila kwenda Marekani. Katika baraza ya kijiji, watu wawili wakigombana juu ya shamba, mzee mwenye hekima haanzi kwa kukata neno. Anamwacha wa kwanza aseme mpaka amalize. Anamwacha wa pili. Anauliza mashahidi. Jua linazunguka. Mgeni anaweza kufikiri kwamba wanapoteza wakati. Hawapotezi. Katika wakati ule mrefu yule atakayeshindwa anapata nguvu ya kukubali.

Tuliandika mambo mane ambayo watu wanatafuta kwa mkubwa:

Kwanza, awasikilize kabla ya kukata neno.

Pili, sheria iwe moja kwa wote: kwa mtoto wa mwalimu na kwa mtoto wa mkulima, kwa kapita na kwa mgeni wa kalasi ya kwanza.

Tatu, awaheshimu. Mtu anaweza kubeba azabu, lakini matusi yanakaa moyoni miaka mingi.

Ine, waone kwamba hatafuti faida yake mwenyewe.

Ninyi wacheza mpira munaelewa upesi. Timu yenu ikifungwa mabao matatu na refa ni wa haki, mutarudi nyumbani na huzuni, lakini juma litakalofuata mutacheza tena. Lakini refa akibadilisha kanuni katikati ya mchezo, hata mliofungwa bao moja tu hamutakubali. Muweke mfano huu akilini. Tutaurudia.

4. MAMLAKA INATOKA WAPI?

Mwenye elimu mwingine, Mjerumani Max Weber, aliyekufa mwaka 1920, alifundisha kwamba kuna njia tatu ambazo zinafanya watu waseme: huyu ana haki ya kutuamuru.

Njia ya kwanza ni mila. Shefu anatiiwa kwa kuwa babu zake walitiiwa. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika artikle 207, inakubali mamlaka hii ya mila, lakini inaweka mpaka: mila isipingane na Katiba wala na sheria.

Njia ya pili ni mvuto wa mtu mwenyewe. Patrice Lumumba hakuwa mtoto wa shefu, lakini akisema, watu walisimama. Mamlaka ya namna hii ni kama moto wa majani: unawaka sana, lakini nani ataushika mwenyewe akiondoka?

Njia ya tatu ni sheria iliyoandikwa. Administratere wa teritware anatiiwa kwa sababu ya kazi yake, si kwa sababu ya jina lake. Akihamishwa, mwingine anaketi katika kiti kile, na watu wanamtii huyu.

Na kapita je? Mamlaka yetu ni ya namna ya tatu. Hatukuzaliwa makapita. Tumepewa kanuni za shule tuzilinde. Basi siku tunapofanya kanuni yetu wenyewe, ao tunapovunja ile tuliyopewa, tunakata tawi ambalo tumekalia.

5. NIEMBA, 1960

Sasa turudi kwetu. Jina la Niemba linajulikana katika nchi ya mbali ambayo wengi wetu hatukuifikiria hata siku moja: Ireland. Huko wanalikumbuka kwa machozi. Ni vizuri tujue sababu, kwa maana ile habari ni habari ya mamlaka.

Katika uchaguzi wa Mei 1960, kabla ya uhuru, chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilipata viti 25 katika baraza la jimbo la Katanga lenye viti 60. Balubakat ya Jason Sendwe na wenzake walifuata karibu sana. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Watu wa Balubakat walikataa kuingia. Ndipo Bunge la Ubelgiji, mwezi wa Juni, lilibadilisha ile sheria, na Conakat ikafanya serikali peke yake. Kumbukeni refa wetu: kanuni ilibadilishwa katikati ya mchezo. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni nchi ya peke yake. Watu wengi wa kaskazini, upande wetu huu, hawakukubali. Machoni mwao serikali ile haikuwa yao.

Vita ikaanza. Jandarmeri ya Katanga, pamoja na maofisa Wazungu, ilipigana na vijana wa Balubakat. Vijiji vilichomwa. Vijana nao walikata barabara na kuvunja madaraja kusudi magari ya adui yasipite. Mwezi wa Oktoba viongozi wa Balubakat walitangaza serikali yao huko Manono. Basi tuhesabu: serikali ya Léopoldville, serikali ya Tshombe, serikali ya Manono, na tena askari wa Umoja wa Mataifa waliokuja kutafuta amani. Mkulima wa Niemba angejua wapi sheria ya kweli? Kila mmoja alikuja na bunduki, na kila mmoja alisema: mimi njo serikali.

Tarehe 8 Novemba 1960, askari 11 wa Ireland, wenye kutumika chini ya Umoja wa Mataifa, walitoka Niemba wakashika barabara ya kwenda upande wa Manono. Mkubwa wao alikuwa Luteni Kevin Gleeson. Kazi yao haikuwa kupiga watu, ilikuwa kufungua barabara. Walifika kwenye daraja lililovunjwa la mto Luweyeye. Pale vijana wengi wa Kiluba wakatokea na mishale na mikuki. Inasimuliwa kwamba Luteni Gleeson aliinua mkono akawasalimu: "Jambo." Mishale ikajibu. Askari 9 walikufa, na 2 waliponyoka na uzima. Na upande wa vijana pia wengi walipigwa risasi wakafa. Maiti ya askari mmoja, Anthony Browne, ilionekana miaka miwili nyuma, mwaka 1962. Walipozikwa huko Dublin, watu wengi sana walijaa njiani kuwalilia.

Juu ya nini vijana wale waliwaua watu waliokuja kwa amani? Hatuandiki hapa kusudi tuwahukumu wazee wetu, wala kusudi tuwape haki. Kuua ni kuua. Lakini tunataka kuelewa. Vijana wale waliona Wazungu wenye nguo za askari, wenye magari na bunduki. Kabla ya hapo Wazungu wenye nguo za askari waliowaona walikuwa na jandarmeri ya Tshombe. Kofia ya Umoja wa Mataifa haikuwaambia kitu. Waliona nguo, hawakuona mamlaka.

Fundisho letu ni hili: nguo haifanyi mkubwa. Bunduki haifanyi mkubwa. Na hata nia njema, ikibaki ndani ya moyo wa mkubwa pasipo watu kuijua, haitoshi. Mamlaka inaishi katika macho ya wenye kutii. Wasipoitambua, "jambo" yako haitasikiwa. Na mahali ambapo serikali zinagombana juu ya nani ni wa kweli, wenye kufa ni watu wadogo: mtoto wa mkulima wa hapa na mtoto wa mkulima wa Ireland.

6. YEYE ASIYESIKILIZWA

Mtu asiseme: hayo ni ya zamani. Tangu mwaka 2013, na zaidi sana mwaka 2016 na 2017, katika Tanganyika yetu Batwa na Baluba waliuana. Vijiji vya pande zote mbili vilichomwa. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, na kati yenu munaosoma maneno haya, wako waliolala chini ya maturubai karibu na Kalemie wakiwa watoto. Hatutaki kufungua vidonda. Tunataka tu kuuliza swali letu lilelile.

Batwa walikuwa wanalia juu ya mambo gani? Kwamba wanalimishwa mashamba ya watu pasipo malipo ya haki. Kwamba hawana shefu wao anayetambuliwa. Kwamba watoto wao hawafiki masomoni, na wakifika wanachekwa. Kwamba neno la Mtwa na neno la mtu mwingine hayana uzito mmoja mbele ya wenye kukata maneno. Mwaka 2016, upande wa Manono, ugomvi mmoja mkubwa ulianza juu ya kodi iliyodaiwa kwa viwavi vya kula, vile wanavyookota porini. Kodi ya viwavi! Mtu anaweza kusema: ni jambo dogo. Lakini fikiri: wanaokuletea kodi hawakukuuliza kitu, hawakujengea watoto wako shule, hawakukuita hata siku moja kwenye baraza. Siku ile kodi ndogo inakuwa tone linalomwaga maji ya mtungi.

Na Baluba nao walilia, kwa maana watu wao waliuawa kwa mishale na nyumba zao zikawa majivu, na wengi wao hawakuwa wamemkosea Mtwa yeyote. Jirani maskini alilipa deni ambalo si lake.

Mwezi wa Februari 2017 wajumbe wa pande zote waliketi Kalemie kutafuta masikilizano. Amani haikuja siku moja, mapigano yaliendelea mahali pengi. Lakini kazi ya kuketi pamoja haikuwa ya bure, kwa maana walioketi ni wale ambao zamani hawakuitwa. Halafu tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria namba 22/030, inayolinda na kuinua haki za watu hawa. Mwaka uleule 2022 MONUSCO ilifunga kazi yake katika Tanganyika. Basi sasa wa kulinda amani ya hapa ni sisi wenyewe. Sheria imeandikwa. Sasa sharti ionekane mahali watu wanapoishi: kwenye kisima, kwenye shamba, kwenye benchi ya kalasi yetu. Mwanafunzi anayehamisha vitabu vyake kusudi asiketi karibu na Mtwa anaivunja, hata kama hakuna polisi atakayekuja.

7. JE, TUTII KILA KITU?

Mwanafunzi mmoja alituambia: "Basi, kama mkubwa si wa haki, siye hatutii. Kwisha." Hapana, si vile. Tutofautishe mambo matatu.

La kwanza: sheria nisiyoipenda. Sipendi kuamka saa kumi na moja na nusu. Lakini kanuni ni ya wote, ilitolewa na mwenye haki ya kuitoa, na inasaidia wote. Kutoipenda si sababu ya kuivunja. Artikle 62 ya Katiba inasema hakuna anayeweza kujitetea kwamba hajui sheria, na kwamba kila mtu sharti aifuate.

La pili: amri isiyo na mama. Wengi wetu tumepita kwenye bariyere njiani. Mahali pamoja, hatupataji jina, mtu alimwambia mama mwenye baiskeli ya mihogo: "Toa feza." Mama akauliza kwa heshima: "Muzee, karatasi iko wapi?" Karatasi haikuwako. Mahali pengine bei imeandikwa ukutani, ukilipa unapewa karatasi yenye muhuri. Watu wananung'unika, lakini wanalipa, na hawatafuti njia ya porini. Katiba, artikle 174, inasema kodi inawekwa kwa sheria tu. Yule mama hakuasi serikali. Aliitafuta serikali, akamkuta mtu tu.

La tatu: amri ya kutenda uovu. Artikle 28 inasema hakuna anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria, na mtumishi wa serikali anafunguliwa katika deni la kutii kama ile amri inavunja haki za watu. Mkubwa akikuambia choma nyumba ya jirani, hana mamlaka juu yako kwa neno lile.

Sisi Waprotestanti tunasoma Warumi 13, ambamo Paulo anatufundisha kutii wakubwa kwa ajili ya zamiri, si kwa kuogopa tu. Lakini Biblia ileile ina Matendo 5, ambapo mitume walikataa kunyamaza mbele ya baraza. Na kuna sura moja ambayo kila kapita, kila shefu na kila Administratere angeisoma mara nyingi: 1 Samweli 12. Samweli akiwa mzee alisimama mbele ya watu wote, akawauliza kama aliwahi kuchukua ng'ombe wa mtu, ao punda wake, ao kama alimwonea mtu, ao kama alikula rushwa. Watu wakashuhudia kwamba hapana. Ni wakubwa wangapi wanaweza kuuliza swali lile mbele ya watu, na kungoja jibu?

8. TUNAFANYA NINI?

Turudi bwenini. Baada ya kufikiri hivi tuliona kwamba bweni halikuasi kengele. Liliasi sisi. Kengele ilikuwa na haki, zamu ya maji ilikuwa na haki, lakini namna tuliyokata neno haikuwa ya haki. Tulimwazibu mtu pasipo kumsikiliza, halafu tulishangaa kwamba watu hawatusikilizi.

Jumamosi iliyofuata tuliita wanafunzi wote chini ya mwembe. Tulimwomba yule mwenzetu msamaha mbele ya watu, kwa maana tulimwaibisha mbele ya watu. Haikuwa rahisi. Mmoja wetu alisema: "Tukiomba msamaha, watatuzarau." Kesho yake kengele ililia mara moja tu, na watu wakatoka.

Tena tulikubaliana mambo haya, na Bwana Prefe ameyatia sahihi: hakuna azabu kabla ya kumuuliza mtu; orodha ya zamu itabandikwa mlangoni tangu siku ya Posho, wote waione; kapita atachota maji siku ya zamu yake kama wengine; na mwenye kuona kwamba ameonewa anaweza kwenda kwa Direktere pasipo kupitia kwetu.

Hatudanganyi kwamba yote yamekwisha. Yule mwenzetu wa kalasi ya tatu anachota maji siku yake, anakata majani zamu yake, lakini mpaka leo akikutana na sisi njiani anatazama upande mwingine. Anatii kanuni. Sisi bado hajatukubali. Tutangoja. Kuvunja ni saa moja, kujenga ni muhula mzima, pengine zaidi.

Sisi wa kalasi ya sita tutafanya egzama ya Serikali, halafu tutaondoka. Kati yenu watatoka makapita wengine, na siku moja mapolisi, walimu, mashefu, pengine hata wabunge. Siku utakapovaa kofia ya kazi yako, ukumbuke daraja la Luweyeye: kofia peke yake haiwaambii watu wewe ni nani. Uwaulize kwanza, uwasikilize, halafu ukate neno.

Mungu awabariki wote.

Makapita wa shule, kwa mkono wa kapita mkubwa, kalasi ya sita